Kusi likishika tu nyumba nzima mafua. Ni upepo, maji ya baridi au sisi wenyewe?

#1 MamaUani
Wakuu salaam. Naishi Makorora, Tanga. Nyumba ya kupanga, vyumba sita, ua mmoja, familia nne. Kila mwaka kusi, ule upepo wa kusini, likishika, mwezi wa sita kuelekea wa saba, mafua yanaingia chumba kimoja na hayatoki mpaka yavimalize vyote. Safari hii yameanza kwa mtoto wa jirani anayesoma chekechea, yakaja kwangu, yakaenda kwa mama mwenye nyumba, na sasa mwanangu wa mwaka mmoja na nusu yamemrudia mara ya pili kabla kamasi za kwanza hazijakauka. Usiku hanyonyi vizuri kwa sababu pua imeziba, analia, nyumba nzima tunakesha.

Mama mwenye nyumba anasema ni kumwogesha mtoto jioni kisha kumkalisha barazani kwenye upepo. Mume wangu anasema ni vumbi. Mimi moyo wangu unaniambia ni kile kikombe cha plastiki kilichofungwa kamba kwenye mtungi wa uani, maana wote tunakinywea. Wenye nyumba za ua kama zetu, nyie mnafanyaje?

#2 MvuviSahare
Baridi hiyo, dada. Mimi naingia baharini jioni natoka alfajiri. Kaskazi, upepo wa miezi ya joto, nalala kifua wazi chomboni na sipigi chafya hata moja. Kusi likivuma, nikilowa usiku mmoja tu, kesho yake koo linawasha, keshokutwa pua inachuruzika. Miaka kumi na tano naliona hilo. Mfunike mtoto kichwa na miguu.

#3 BaiskeliNyekundu
Mkuu #2, kama ni baridi basi Lushoto wasingepumua. Huko mwezi wa saba watu wanavaa makoti mchana kweupe.

#4 MshambaaLukozi
Tunapumua, asante. Niko Lukozi, huku huku Lushoto, naandika. Huku baridi ipo karibu mwaka mzima lakini mafua hayapo mwaka mzima. Nina watoto watano kwa hiyo nimeyafuatilia: yanakuja wiki ya pili au ya tatu baada ya shule kufunguliwa, au wakija wageni kutoka Dar. Sasa angalieni kalenda. Shule zinafunguliwa mwezi wa saba, na kusi nalo liko hapo hapo. Mnalisingizia kusi kosa la dawati.

#5 MuuguziMstaafu
Nimefanya kazi wodi ya watoto miaka mingi, nitasema ninachokijua.

Sisi kwa jina moja la mafua tunaita vitu viwili. Kuna mafua ya kawaida: koo linawasha, chafya, pua inavuja kisha inaziba, homa kidogo au hakuna. Yanaletwa na virusi vya aina zaidi ya 200, na vinavyoongoza vinaitwa rinovirusi. Ndiyo maana mtoto anapona leo na wiki ijayo anashikwa tena, amekutana na kirusi kingine. Kwa kawaida yanaisha ndani ya siku saba hadi kumi, kikohozi kinaweza kubaki nyuma wiki mbili tatu. Halafu kuna homa ya mafua yenyewe, influenza. Hiyo inakuangusha ghafla: homa kali, kichwa, viungo vinauma hata kugeuka kitandani kazi. Mtu mwenye hiyo anaambukiza tangu siku moja kabla hajajijua.

Kuhusu kikombe: kitupe, MamaUani, sina ubishi nacho. Ila ukiona kitu kimoja kinachogusa pua zote za nyumba hiyo, sidhani kama ni kikombe. Mtoto akichuruzika kamasi hapo uani, unamfuta na nini?

#6 MamaUani
Shikamoo dada muuguzi. Namfuta na pindo la khanga. Na mtoto wa jirani akipita nayo zimening'inia namfuta hilo hilo pindo, siwezi kumwacha hivyo. Kisha ndilo ninaloshikia sufuria, na mwanangu akilala ndilo ninalomfunika usoni kwa ajili ya nzi. Sikuwahi kulifikiria.

#7 ShangaziMabawa
Mwenzangu, hapo ndipo. Sote tunafuta hivyo hivyo.

#8 MwalimuPongwe
Habari zenu. Hili la baridi watu wameliwekea majaribio, si maneno ya barazani tu. Uingereza, mjini Salisbury, walifungua kituo cha kuchunguza mafua tangu 1946 na kikafanya kazi zaidi ya miaka arobaini. Watu wa kujitolea walikaa pale wakatiwa virusi puani. Wengine wakaoga, wakasimamishwa na nguo za kuogea zilizolowa kwenye ushoroba wenye upepo wa baridi mpaka wanatetemeka. Hawakuugua kuliko wenzao waliokaa pakavu.

Na kuna kisiwa kinaitwa Tristan da Cunha, katikati ya Atlantiki ya kusini, watu mia chache tu, upepo na baridi si mchezo. Mafua pale yalikuwa yakija meli ikitia nanga. Meli isipokuja, hakuna mafua, baridi iwe kali namna gani. Kwa hiyo niko na MshambaaLukozi: mafua yanakuja na watu.

#9 KijanaMaabara
Mwalimu, umetoa nusu ya habari. Mwaka 2005 huko Cardiff, Wales, walichukua watu 180. 90 wakatumbukiza miguu kwenye maji ya baridi dakika 20, 90 wengine wakakaa na soksi na viatu vyao, miguu ndani ya beseni kavu. Siku zilizofuata, waliotumbukiza miguu 13 wakasema wana dalili za mafua, wa beseni kavu 5. Kwa hiyo wanaosema miguu ya baridi inaleta mafua hawajatunga. Tena rinovirusi wanazaliana vizuri zaidi kwenye nyuzijoto 33 kuliko 37, na pua ya mtu aliye kwenye upepo wa baridi ndiyo hupoa hivyo.

#10 MvuviSahare
Asante sana kijana. Miguu yangu ndiyo inayokaa majini.

#11 MuuguziMstaafu
Kijana #9, ni kweli lakini malizia: hao wa Cardiff hawakupimwa virusi, waliulizwa tu wanajisikiaje. Huenda kirusi kilikuwa tayari puani kimelala, baridi ikakiamsha. Mvuvi akikaa peke yake baharini mwaka mzima bila kukutana na mtu, miguu ikilowa ataumwa miguu, si mafua. Chomboni mnakuwa wangapi?

#12 MvuviSahare
Sita. Tunalala tumebanana chini ya turubai moja, na kuna kopo moja la maji.

#13 BaiskeliNyekundu
Kopo tena.

#14 BibiMchaichai
Wajukuu zangu hamjambo. Naona vituo vya Uingereza vingi, dawa hakuna. Mimi nina miaka sabini na mbili, niko Chumbageni. Mafua yakianza kukwaruza koo, chemsha mchaichai na tangawizi iliyopondwa, tia karafuu tatu nne, ikipoa kidogo kamulia ndimu na asali kijiko. Ndimu usiichemshe, inakuwa chungu. Usiku jifukize: majani ya mkaratusi, kivumbasi, maganda ya ndimu, chungu kikitokota jifunike shuka mpaka jasho likutoke. Kifua kinafunguka. Mwaka 2020 Tanzania nzima mlikuwa mkijifukiza, leo mmesahau?

#15 ShangaziMabawa
Shikamoo bibi. Chai hiyo ndiyo ninayonywa sasa hivi.

#16 FundiChuda
Marahaba ya bibi inatutosha wote, lakini naomba niseme kuhusu chungu. Mtoto wa dada yangu, miaka minne, alikaa na mama yake chini ya shuka moja. Mtoto kachezesha mguu, sufuria ikapinduka. Aliungua mapaja yote mawili. Mafua yaliisha siku ya tano, vidonda vilichukua miezi miwili, na mpaka leo akiona mvuke wa chai anarudi nyuma. Mtu mzima ajifukize kama anaona nafuu. Mtoto asikae karibu na chungu kabisa.

#17 BibiMchaichai
Pole sana mwanangu. Mtoto mimi simfukizi, namwekea majani kwenye maji ya kuoga ya vuguvugu. Nilipaswa kusema.

#18 MuuguziMstaafu
Bibi, asali na ndimu havina ugomvi, vinatuliza koo na kikohozi. Angalizo moja tu: mtoto ambaye hajatimiza mwaka asipewe asali hata ya kulamba. Inaweza kuwa na vijidudu vya sumu ambavyo tumbo changa haliviwezi. Wa MamaUani ameshapita umri huo.

Na pua iliyoziba usiku: robo kijiko cha chai cha chumvi kwenye kikombe cha maji yaliyochemka yakapoa. Matone mawili matatu kila tundu kabla ya kunyonya, subiri kidogo, futa. Itengenezwe mpya kila siku. Haiponyi, inampa mtoto nafasi ya kunyonya na kulala.

#19 DogoUsagara
Mimi nikisikia tu koo namaliza mchezo mapema. Naenda duka la dawa nachukua rangi mbili, zile kapsuli za antibiotiki, nameza siku mbili nikiwa poa naacha. Kamasi zikiwa za kijani lazima, hiyo ni bakteria.

#20 MuuguziMstaafu
Mdogo wangu, hapo unajiumiza na unatuumiza sote. Rangi mbili na amoksilini zinaua bakteria. Kirusi cha mafua hakiguswi nazo hata kidogo. Umepona siku ya pili kwa sababu mwili wako ulikuwa unashughulika wenyewe. Na ukimeza siku mbili ukaacha, bakteria wengine waliomo mwilini mwako wanajifunza kuistahimili dawa. Siku ukipata nimonia ya kweli dawa ile ile inagonga mwamba. Nimeona watoto wanabadilishiwa dawa mara tatu wodini.

Kamasi za kijani si lazima bakteria. Rangi ile inatoka kwenye chembe nyeupe za damu zinazopigana, zina kimeng'enya chenye madini ya chuma. Mafua ya kawaida huanza na kamasi kama maji, zinakuwa nzito, za njano au kijani, kisha zinaisha.

Kingine nilichokiona sana: mtu anameza Panadol na juu yake kidonge cha mafua cha mchanganyiko, hajui kuwa hicho nacho kina dawa ile ile ndani. Mtu mzima asizidishe vidonge vinane vya miligramu 500 kwa saa 24, na vya mchanganyiko vihesabiwe humo. Mtoto mwenye homa ya mafua asipewe aspirini.

#21 DogoUsagara
Sawa dada, nimekuelewa. Sikujua la rangi ya kamasi.

#22 MchungwaMuheza
Mbona hakuna aliyetaja machungwa na tuko Tanga? Msimu huu Muheza yanaoza chini ya miti. Kula matatu kwa siku, mafua utayasikia kwa jirani.

#23 KijanaMaabara
Machungwa nayapenda, ila hilo limepimwa sana. Aliyelivumisha ni Linus Pauling, Mmarekani mwenye Nobeli mbili, ya kemia 1954 na ya amani 1962. Alisema vitamini C nyingi inazuia mafua. Walipojumlisha majaribio mengi, ikaonekana mtu wa kawaida anayemeza kila siku haepuki mafua, ila yanafupika kidogo, kwa watu wazima kama asilimia 8. Yaani mafua ya siku kumi yanapungua chini ya siku moja. Waliofaidika zaidi ni wenye mazoezi makali, kama wakimbiaji wa marathoni.

#24 MchungwaMuheza
Basi wavuvi na wapanda baiskeli wa Tanga wale machungwa.

#25 BaiskeliNyekundu
Mimi naipanda kutoka Duga mpaka bandarini kila siku, niletee gunia.

#26 KobeMikanjuni
Nyie mnakuza. Mafua ni mafua, hayajawahi kuua mtu. Unameza Panadol unaenda kazini.

#27 MwalimuPongwe
Mkuu #26, homa ya mafua ya 1918 inakadiriwa iliua watu milioni 50 duniani. Iliitwa ya Kihispania kwa sababu Hispania haikuwamo kwenye Vita vya Kwanza vya Dunia na magazeti yake yaliandika wazi, si kwamba ilianzia kule. Ilifika hata Afrika Mashariki mwishoni mwa vita, ikawakuta askari na wapagazi waliokwisha kuchoka na njaa. Hapa Tanga tunasimulia vita vya 1914 na nyuki waliowavamia askari, hiyo homa hatuisimulii, na ndiyo iliyoingia mpaka vijijini. Na kwenda kazini unaumwa ndiyo njia ya kuwagawia wenzako.

#28 BabaHesabu
Mimi ndiye wa kumjibu #26 kwa kilichonipata.

Mwanangu alikuwa na miezi tisa. Mafua siku ya tatu, tukaenda duka la dawa tukapewa ya kikohozi ya maji, tukaambiwa ni mafua tu. Saa nane usiku umeme hakuna, nikamsikia anaguna kila anapotoa pumzi. Sauti ndogo, kama mtu anayekubaliana nawe usingizini. Nikakumbuka kliniki walituambia tuhesabu pumzi. Nikamfunua fulana mpaka shingoni, nikaelekeza tochi ya simu ukutani isimwamshe, nikaweka saa, nikaangalia tumbo likipanda na kushuka dakika nzima. 62. Nikasema nimekosea, nikarudia. 60. Kisha nikaona chini ya mbavu: kila akivuta pumzi, nyama inabonyea kuingia ndani, kama kidole kinavyobonyea kwenye unga uliokandwa. Mbawa za pua zinatanuka.

Hatukungoja kuche. Bajaji, tumemfunika, mama yake anamwita jina njia nzima. Ilikuwa nimonia. Akawekewa oksijeni, akalazwa siku nne. Daktari alituambia tungengoja asubuhi asingetuahidi kitu.

Hesabu zenyewe ziwekeni kichwani: mtoto wa chini ya miezi miwili, pumzi 60 au zaidi kwa dakika. Miezi miwili mpaka mwaka, 50 au zaidi. Mwaka mmoja mpaka mitano, 40 au zaidi. Mhesabu akiwa ametulia au amelala, halii. Na kifua kikibonyea, ondoka usihesabu.

#29 KobeMikanjuni
Pole sana kaka. Naondoa kauli yangu. Mtoto yuko salama sasa?

#30 BabaHesabu
Alhamdulillah, ana miaka mitatu, anakimbia.

#31 MuuguziMstaafu
Baba, hesabu zako ziko sawasawa, ndizo tunazofundishwa. Ongeza: mtoto asiyeweza kunyonya au kunywa, anayetapika kila kitu, mwenye degedege au aliyelegea haamki. Huyo apelekwe bila kujali kahesabiwa pumzi ngapi.

#32 MkulimaAmani
Ongezeni na malaria. Mimi niko Amani, miaka miwili nyuma niliugua homa, viungo, kichwa, nikasema homa ya mafua maana nyumba nzima walikuwa nayo. Nikanywa mchaichai wa bibi siku tatu. Ya nne nikaanza kuweweseka. Kidole kikatobolewa, ndani ya dakika ishirini jibu likatoka: malaria. Mkoa wetu huu homa ni kupima kwanza.

#33 HajiMsambweni
Na wazee wetu wanaojiandaa na Hijja. Mimi nilirudi Makka na kikohozi cha wiki tatu, na karibu kila mtu kwenye kundi letu alikuwa nacho. Pale mnalala mahema, mnatembea bega kwa bega maelfu kwa maelfu. Baridi haipo, jua linachoma. Kwa hiyo mvuvi, samahani, mimi kura yangu ni msongamano. Chanjo ya homa ya mafua ipo, na inapitiwa upya kila mwaka kwa sababu virusi vyenyewe vinabadilika. Mzee anayesafiri aulize mapema.

#34 MvuviSahare
Sijakasirika haji. Ila swali langu liko palepale: sisi sita tunabanana turubai lile lile kaskazi na kusi. Kaskazi hatuumwi.

#35 MshambaaLukozi
Wakati wa kaskazi, mwezi wa kumi na mbili, shule za watoto wenu zimefungwa.

#36 MvuviSahare
Na mwezi wa pili je? Zimefunguliwa na kaskazi bado linavuma.

#37 KijanaMaabara
Hapo mvuvi amekubana, mzee wa Lukozi. Nchi za joto mafua hayafuati mstari mmoja kama Ulaya. Kwingine yanakuja na mvua, kwingine mwaka mzima.

#38 MamaUani
Wakuu, nimerudi. Mtoto nilimhesabu jana usiku, 32, nikarudia 34. Kifua hakibonyei. Maji ya chumvi yamemsaidia, amenyonya na kulala mpaka alfajiri kwa mara ya kwanza wiki hii. Kikombe nimekata kamba, kila chumba kina chake kimeandikwa kwa kalamu ya wino. Khanga ya kufutia sasa ni vitambaa, nimechana shuka kuukuu vipande ishirini, vya leo vinaingia beseni la sabuni, vya kesho viko kwenye mfuko. Na sabuni imening'inizwa ndani ya soksi pale bombani, watoto wameipenda. Mama mwenye nyumba nimemsomea uzi wote. Kikombe amekubali. Upepo hajakubali, ameniletea kofia ya sufu ya mtoto na nimemvalisha.

Asanteni sana. Ila hakuna aliyemjibu mume wangu kuhusu vumbi.

#39 MuuguziMstaafu
Hongera mama. Mumeo ana homa? Macho yanamwasha? Chafya zake zina saa maalumu?

#40 MamaUani
Homa hana. Macho mekundu jioni, anapiga chafya mfululizo, kikohozi kikavu. Yake hayaishi kama yetu, ana miezi sasa. Anafanya kiwanda cha mkonge, sehemu ya brashi.

#41 FundiChuda
Brashi! Nilifanya hapo mwaka mmoja. Vumbi la mkonge linakaa hewani jeupe kama moshi, unatoka nyusi zimekuwa za mzee. Sote tulikuwa na "mafua".

#42 MuuguziMstaafu
Basi yake huenda si mafua. Vumbi la nyuzi linawasha njia ya hewa, na kuna wanaopata mzio au pumu humo. Avae kitambaa kizito puani hata kama barakoa hakuna, na aende akapimwe kifua. Muulize jambo moja: siku asiyoingia kazini anakuwaje?

#43 MamaUani
Nimemuuliza sasa hivi. Anasema Jumapili hana mafua.